Sauti ya Kinanda cha Mwalimu Cornel

Mwalimu Cornel alibonyeza kitufe kimoja, akaondoa kidole kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Macho yake yalikwisha kuzibwa na ukungu, lakini alimgeukia Melania pale pale aliposimama, kando ya kompyuta yake, mtoto amelala mgongoni. Melania alikuwa ameifanyia kazi sauti ile wiki tano.

"Ni kinanda chako, Mwalimu," nikasema mimi.

"Mabula, mimi ni kipofu. Usinifanye na kiziwi."

Akaomba fimbo yake, akatoka kanisani.

Kinanda chenyewe nilikiua mimi. Padre aliyekileta Nyarugusu alikwisha kuhamishwa zamani, na kwa miaka kumi na tisa kinanda kile cha umeme kilikaa kulia kwa altare. Kazi yangu, kila baada ya mazoezi, ilikuwa kuchomoa plagi. Jumamosi moja ya Machi, mwaka juzi, mawingu yalitanda, nikakumbuka unga wa mawe ya dhahabu niliouacha uani bila turubai, nikakimbia. Radi ikapiga nguzo ya umeme. Kesho yake kinanda kilinuka waya ulioungua. Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia ukweli. Akasema, "Haya." Basi. Hiyo "haya" niliibeba mwaka mzima.

Mtu huyu, nilipoacha shule darasa la nne na kuingia mashimoni, alinifuata mara mbili. Alisimama kwenye mdomo wa shimo na kaunda suti yake, akiita jina langu mpaka wachimbaji wakanicheka. Sikutoka. Nilipokuwa mtu mzima akanichukua kwenye kwaya, ingawa noti siijui hata moja. Alinibonyezea sauti yangu ya besi tena na tena mpaka ikae. Kila wimbo ninaoujua ulipita kwanza kwenye vidole vyake na kinanda kile. Sauti ya kinanda hicho ilianza taratibu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema, na ilibaki hewani kidogo baada ya wewe kudhani imekwisha.

Parokia ilileta kinanda kipya. Mwalimu alikipiga mara moja, akasema kinaongea kama dalali wa mnadani. Tangu siku hiyo akawa anakaa benchi la nyuma, mikono mapajani. Mkewe, Philomena, alinieleza jambo lililonikosesha raha: zamani Mwalimu alikuwa akigonga meza kwa vidole akitunga nyimbo, hata chakula kikiwa mezani. Sasa hagongi.

Ndipo nikaenda kwa Melania. Ana duka la steshenari karibu na stendi, anatoa kopi na kuchapa barua, na kwenye kompyuta ana programu ya muziki anayotengenezea matangazo ya harusi.

"Shikamoo, Baba Loveness," akaniamkia.

"Marahaba. Kinanda kilichokufa kinaweza kufufuka humo ndani?"

"Kufufuka, hapana. Lakini kama mlikirekodi kikiwa kizima, naweza kukiokota kipande kipande."

Tulikuwa na kadi za memori za simu zenye mazoezi ya miaka sita. Melania alizisikiliza zote. Alitafuta mahali ambapo kwaya imenyamaza na kitufe kimoja kinalia peke yake, akaikata sauti hiyo, akaipa nafasi yake kwenye programu, akarudi kutafuta nyingine. Tena si mara moja: kitufe kikiguswa polepole, kikiguswa kawaida, kikigongwa, kwa sababu kila mguso una sauti yake. Mteja akija, anavua hedifoni, anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, anavaa tena. Nimewaona watu wakishuka mita sitini kwa sururu na nyundo. Uvumilivu kama ule sijauona.

Kosa likawa langu tena. Mimi ni mtu wa mwalo. Kazi yangu ni kuosha unga wa mawe mpaka dhahabu ibaki peke yake. Melania aliponivalisha hedifoni nikasikia uchafu nyuma ya kila sauti: mvumo, kitufe kikigonga ubao, pedali ikilia.

"Osha," nikamwambia. "Ondoa yote."

Akasita. "Yote, Baba Loveness?"

"Yote."

Akaosha, kisha akaunganisha kompyuta na kinanda kipya cha parokia. Ndiyo sauti Mwalimu aliyoikataa.

Mwalimu alipokwisha kutoka, Melania alikunja waya zake. Nilitazama mikono yake, nikamwuliza swali ambalo mtu wa mwalo humwuliza mwenzake.

"Marudio umeyaweka wapi?"

"Marudio ndiyo nini?"

"Mchanga unaobaki ukishaosha. Sisi hatuutupi. Maji hupita na dhahabu nyingine, kwa hiyo tunaurundika, unakuja kuoshwa upya kwa dawa. Wakati mwingine unatoa kuliko mara ya kwanza."

Akainama kukaza kanga ya mtoto. "Sijatupa kitu. Yote ninayo."

"Kwa hiyo ulijua nimekosea."

"Wewe ni mtu mzima. Ningekuambiaje?"

"Ungesema, Mabula, nyamaza."

"Haya. Mabula, nyamaza," akasema, na akacheka mpaka mtoto akaamka.

Zikapita wiki mbili nyingine. Hakurudisha kila kitu. Kelele za watoto na ngurumo ya karasha la jirani linalosaga mawe alizikataa. Alirudisha ile pumzi ya mwanzo, mkia wa mwisho, na kitufe kugonga ubao. Hakuniuliza kitu, na alifanya vizuri.

Jumapili, baada ya misa ya pili, Philomena alimleta Mwalimu kwa kumshika mkono. Alikaa. Akabonyeza kitufe kimoja, akakiachia, akasikiliza mpaka kikaisha kabisa. Akaleta mkono wa pili. Alipiga nyimbo nne mfululizo, na Philomena akageukia ukutani. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa benchi, nao ulikuwa umelowa jasho.

Ghafla akakomea kwenye kitufe kimoja cha upande wa kushoto. Akakirudia.

"Mayu," akamwita Melania, kama tunavyowaita mama zetu. "Hiki kilikufa miaka kumi na moja iliyopita."

"Najua, Mwalimu. Sikukipata kwenye rekodi hata moja. Nimekitengeneza kutoka kwa jirani yake, nikamshusha kidogo."

Ndipo nikaelewa. Nyimbo zake zote za miaka ile zilikizunguka kitufe kile, kama watu wanavyozunguka shimo, na sisi tulioziimba hatukujua.

"Mabula. Ule wimbo wa matoleo. Mstari wa pili huwa mnapanda haraka."

"Ndivyo ulivyotufundisha."

"Leo msipande. Shukeni."

"Tushuke mpaka wapi, Mwalimu?"

Akakibonyeza kitufe kile, akakishikilia hapo, akinisubiri.