Kujikung'utia kwa Delfin

Kosa lilikuwa la dereva, ingawa hakuna aliyekuwa na uso wa kumlaumu. Mzee Isko alikuwa akiwabeba watu kutoka makaburi ya San Pablo tangu meno yake yalipokuwa kamili, na siku zote aliwashusha mahali pamoja: kwa Delfin, mgahawa wenye duka la mchele na samaki wakavu upande wa mbele. Mtu hatoki mazikoni akaenda nyumbani moja kwa moja. Lazima atue mahali, ale kidogo, ajikung'ute, ili marehemu apotee njia asije kumfuata hadi kitandani. Nusu ya wateja wa Delfin walikuwa watu wa namna hiyo, macho mekundu na njaa isiyo na aibu.

Basi mzee Isko akasimamisha gari, watu wakashuka, wakanawa mikono, wakavuta viti. Hata Rosenda, mjane mwenyewe, alikaa. Ndipo Puring, dada wa marehemu, akainua macho akaliona jina juu ya mlango.

"Jamani! Tumemzika Delfin, halafu tunakuja kujikung'utia kwa Delfin?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Isko, una akili kweli wewe? Umemrudisha mtu mpaka mlangoni kwake!"

"Mikono ilikwenda yenyewe, dada," alisema mzee Isko. "Kwani nanyi mlishukaje? Kuna niliyemvuta?"

Puring hakuwa mtu wa kushindwa na dereva. "Inukeni wote! Twendeni kwa Chayong, kule nyuma ya stendi, tule chochote, ndipo turudi. Wifi, simama."

Rosenda hakusimama. Tangu hospitali hakuwa amelia. Watu walimsifu kwa uvumilivu, naye akawaacha wasifu, maana angewaambiaje kwamba hapakuwa na cha kuvumilia? Ndani yake kulikuwa kumekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Aliyasikia maneno yao na kuyaelewa, lakini hayakumfika. Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka bila hata kupandisha pumzi: Delfin amfuate nyumbani.

"Nendeni nyie. Mimi nabaki."

"Atakung'ang'ania, wifi! Hutalala!"

"Silali hata hivyo."

"Mama," alisema Jovelyn, binti yake, akimshika bega, "shangazi hatanyamaza mpaka uinuke. Si unamjua?"

"Namjua kabla hujazaliwa. Nenda naye, mwanangu. Kanilie na mimi ule wali mbovu wa Chayong."

Walipoondoka, Rosenda hakupangusa hata udongo wa viatuni. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, juu ya jiko, kwa hiyo alifungua mlango wa mbele na wa nyuma, Delfin achague mwenyewe pa kupitia. Kisha akakaa kumngoja.

Waliokuja ni watu wengine, wageni kabisa, wametoka kumzika wa kwao.

"Mama, mmefungua?"

Angeweza kusema hapana. "Kaeni," alisema.

Akawasha moto, akabandika nyama ya nguruwe, magimbi, mboga za majani, akakamulia ukwaju. Kupika kulikuwa kazi yake, lakini miaka yote hiyo si yeye aliyekata shauri la ukali wa mchuzi. Delfin angepita na kuonja, akunje uso, aseme ongeza au aseme acha, na walishagombana mara nyingi kwa sababu ya hilo. Rosenda akachota mchuzi kwa kijiko, akaunyosha mkono pembeni bila kugeuka, kama alivyozoea.

"Bado?" aliuliza.

Mchuzi ukapoa kijikoni. Mkono ukaanza kumuuma. Aliunyosha vilevile mpaka kule mezani mtu akaulizia chakula, ndipo akauonja mchuzi mwenyewe. Ulikuwa mkali, au haukuwa. Hakujua. Akapakua hivyo hivyo, na wageni wakala, wakaomba wali wa pili, wakajikung'uta nguo mlangoni na kwenda zao wakipiga soga.

Puring aliporudi aliwaacha wenzake garini akaja peke yake, akachungulia mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Wifi," alinong'ona. "Yuko?"

Rosenda alikuwa akisugua sufuria. "Ingia tu, Puring. Hakuja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Puring, aliyezunguka stendi nzima ili kumpoteza kaka yake, akaketi palepale kizingitini na kuangua kilio. Rosenda akamtazama kwa muda, akimwonea wivu. Kisha akafunga mlango wa nyuma na kumpakulia wali.