Siku Kobe Alipookota Bisi

Punje ya kwanza iligonga mfuniko kabla hakujapambazuka. Tik. Ikanyamaza, kama mgeni anayebisha hodi na kusikiliza. Kisha ikafuata ya pili, na mara sufuria nzima ikaanza kupiga kelele kama mvua juu ya bati. Nikaishika kwa kitambaa na kuitikisa.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, nguo za kazini zikiwa tayari mwilini, akijaza bisi kwenye viroba. Kila nilipommiminia beseni jingine alisema asante. Mtu akisema asante mara zote hizo alfajiri, ujue ana jambo moyoni.

"Bibi, pumzika. Nipe nishike mimi."

"Ukishika wewe zitaungua. Mke mwenzangu hajui kupika, babu yako alikuwa akiniambia kila siku."

"Mbona kwangu alikuwa anakula sahani mbili?"

"Alikuwa anakuonea huruma."

Alicheka kwa kuziba mdomo, asimwamshe mama yake.

Mjukuu wangu huyu anafanya kazi kwenye ofisi inayoingia mikataba na meli za kusafisha mafuta yakimwagika baharini. Mwanzoni nilidhani ofisi ina meli zake, zimepangwa mahali zikingoja balaa. Akaniambia hapana, hakuna anayeweza kulisha meli ya kukaa bure miaka nenda miaka rudi. Wanachofanya ni kutafuta meli yenye shughuli zake na kukubaliana nayo: endelea na biashara yako, lakini siku tukikuita unaacha kila kitu, unakuja ghalani kuchukua vifaa, unakwenda kusafisha.

"Kama mkunga wa mtaa," nilimwambia siku ile. "Anafua, anapika, anagombana na mumewe. Akigongewa mlango anaacha sufuria motoni."

"Nitaanza kuwaeleza watu hivyohivyo," alisema, na baadaye nikasikia kweli alieleza hivyo kwenye mkutano, akasema ni maneno ya bibi yake. Sikulisahau hilo.

Sasa meli yenyewe. Jina lililoandikwa ubavuni ni refu, lakini bandarini kila mtu anaiita Kobe, kwa sababu ni ndogo, ni ya zamani, na haina haraka. Kazi yake ni kupelekea meli kubwa mafuta ya injini zao. Mwenye Kobe alikuwa amesema wazi kwamba bila mkataba huu anamuuza akakatwe vyuma. Nahodha wake aliingia humo akiwa kijana wa kufunga kamba, na hajafanya kazi kwingine. Mjukuu wangu ndiye aliyempendekeza Kobe. Mkuu wake ofisini hakuwa na hakika, akataka kwanza amwone akijaribiwa, na siku ya kujaribiwa ndiyo hiyo. Kikao cha kuamua kilikuwa kesho yake.

Mazoezi hayo hayatangazwi. Meli inaitwa ghafla, kama ambavyo balaa lingeita, na inahesabiwa muda hadi itoke na vifaa. Na kwa kuwa huwezi kumwaga mafuta baharini ili ujifunze kuyatoa, wanamwaga kitu kinachoelea. Ofisi ilikuwa na pumba za mpunga, lakini paa la ghala lilivuja zikaoza. Ndiyo maana jioni iliyotangulia mjukuu wangu alinijia na gunia la mahindi ya bisi begani.

"Usitie chumvi tu, Bibi," alisema. Hakusema lingine.

Jua lilipochomoza tulikuwa gatini. Nilichukuliwa na mimi kama shahidi. Mkuu wa ofisi alikuwa amefika, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Aliponiona aliinuka kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akanikalisha, kisha akanivisha jaketi la kuelea yeye mwenyewe, akifunga kamba moja moja. "Haibani, mama?" Nikasema haibani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikanibidi niache.

Mjukuu wangu akapiga simu. "Nahodha, haya ni mazoezi. Mafuta yamemwagika. Njoo."

Mbali kidogo, Kobe alikuwa amejibana kwenye ubavu wa meli kubwa kama kifaranga, akiinywesha. Sikuona mtu akikimbia. Niliona bomba likifungwa, likainuliwa, likarudishwa. Kamba zikaachiwa. Yule mnyama wa chuma akageuza uso na kuanza kuja kwetu, polepole, akikua. Nami nikawaza, kuna watu humo ndani waliokuwa wanakunywa chai yao, na sasa wanakuja kwa sababu wameitwa tu.

Ndipo Mkuu alipofungua kiroba kimoja. Akanusa. Akachukua bisi moja, akaisugua kati ya vidole, akaviinua juani. Vikang'aa.

"Mama," akasema kwa upole, "umezikaanga na nini?"

"Na mafuta, mwanangu. Kijiko tu kila sufuria."

Mjukuu wangu akafumba macho.

"Nilikuambia usitie chumvi," akasema kwa sauti ndogo.

"Na sikutia."

Mwendesha kreni aliyekuwa juu kwenye kibanda chake alicheka mpaka akashika kioo. "Jamani! Tumekuja kusafisha mafuta, na mafuta tumekuja nayo kutoka nyumbani!"

Hata Mkuu alicheka kidogo. Kisha uso wake ukarudi kazini. "Sheria ni moja kwa kijiko na kwa tangi. Hizi haziingii baharini. Na bila kitu cha kuelea, leo hatuna jaribio."

Wakati huo Kobe alikuwa ameshafika, na nahodha alikuwa amesimama ukingoni akisikia yote. Alivua kofia yake akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta alichosahau. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na sufuria yangu.

Akatokea mtu mnene mwenye aproni, mpishi wa meli. "Mahindi yasiyokaangwa yamebaki?" akauliza.

"Robo gunia, ndani ya gari," mjukuu wangu akajibu.

"Basi mama apande. Wao wanapakia vifaa, sisi tunapika. Mkuu, hesabu yako ya muda si inaendelea?"

"Inaendelea."

"Isimame kwa ajili ya nani!" mpishi akasema.

"Bila mafuta zinaungua, mwanangu," nikamwambia.

"Tutatikisa mpaka mabega yahame."

Kwenye ngazi alitangulia kinyumenyume, mikono yake miwili ikiwa chini ya viwiko vyangu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Jiko lake lilikuwa dogo na safi, kila kikombe kimetundikwa kwenye ndoano yake. Tukaweka sufuria mbili kavu. Za kwanza ziliungua zikawa kama mbegu za papai. Za pili tukatikisa bila kupumzika, yeye akihesabu kwa kuimba, mimi nikifuata. Moshi ukajaa, macho yakatutoka machozi, na bisi zikaanza kutoka nyeupe, kavu, nyepesi kama manyoya.

Kwenye kidirisha cha mviringo niliona wenzake wakifanya kazi. Kutoka ghalani kreni ilileta mkono wa chuma wa kuzolea mafuta, mrefu kuliko nyumba yangu na ya jirani zikiunganishwa. Ulipita angani juu ya vichwa vya watu bila sauti, ukateremka, na mabaharia wakaupokea kwa viganja kana kwamba ni mtoto aliyelala. Ukaja wa pili. Nahodha hakuwa akipaza sauti. Alionyesha kwa kidole, na watu wakajua.

"Wamejifunzia wapi?" nikauliza.

"Wamekuwa pamoja muda mrefu," mpishi alisema. "Kobe akikatwa, kila mtu atapata meli nyingine. Lakini hatutakuwa hivi." Akageukia sufuria yake. "Tikisa, mama, tikisa."

Muda waliopewa ulikuwa haujaisha tulipong'oa nanga, Mkuu na mjukuu wangu wakiwa nasi. Tukatoka hadi mahali ambapo maji hubadilika rangi. Mtumbwi wa injini ukatangulia, ukamwaga bisi zetu. Zikatawanyika juu ya bahari, pana, nyeupe, zikipanda na kushuka na mawimbi. Ndege wa baharini, shakwe, wakaja mbio.

"Wanakula ushahidi!" mwendesha winchi, ile mashine ya kuvuta kamba za mikono, akapiga kelele, na mabaharia wakaanza kuwafukuza kwa taulo.

Kobe akakunjua mikono yake. Mmoja kulia, mmoja kushoto, ikalala juu ya maji, na meli nzima ikawa kama mama aliyefungua kanga kupokea mtoto anayekuja mbio. Mjukuu wangu alikuwa ameshika ukingo, vidole vimekakamaa.

"Mbona anakwenda polepole hivi?" nikamnong'oneza. "Si watasema ndiyo ukobe wenyewe?"

"Hapa ndipo polepole inapotakiwa, Bibi. Ukiharakisha, mafuta yanapita chini ya mkono yanatokea nyuma. Meli kubwa nyingi haziwezi kwenda hivi, usukani unapotea. Yeye anaweza."

Na kweli. Alikwenda kama mtu anayetembea na mgonjwa. Bisi zikaingia mikononi mwake, zikateleza kufuata chuma hadi kwenye kona karibu na ubavu, pale ambapo pampu ingevuta mafuta kuyapeleka matangini. Zikajazana pale, kundi zima. Nimeishi miaka mingi na nimeona mambo. Sikujua kwamba binadamu wamekaa wakafikiri namna ya kuifuta bahari uso, kwa utaratibu ule, kama unavyomfuta mtoto.

Kisha likaja wimbi moja, sijui lilitoka wapi. Likainua mkono wa kushoto, mkono ukapinda, na zile bisi zote za upande ule zikapita chini yake. Tukaziona zikitokea nyuma yetu, zikienda zao.

Mjukuu wangu akatoa sauti kama aliyechomwa mwiba. Mkuu akaandika kitu, akamtazama nahodha kupitia kioo cha chumba cha usukani. Mimi nilishika jaketi langu. Nilijua tumekwisha. Nilianza hata kuwaza nitampikia nini mjukuu wangu jioni.

Nahodha hakupiga kelele. Alitoka mlangoni, akamwambia mwendesha winchi, "Legeza kidogo. Umeumia?"

"Sijaumia."

"Haya. Tunarudi."

Akarudi ndani. Kobe akageuka, duara refu la subira, akazifuata. Zilikuwa zimetawanyika zaidi sasa, nyingine zimelowa hazionekani vizuri. Akapita. Akakosa chache. Akageuka tena. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyetazama saa. Jua lilipita juu ya vichwa vyetu likaanza kuteremka, na yeye bado anazunguka, anaokota, anazunguka, hadi mabaharia waliokuwa wameegama na nyavu zao wakawa hawana cha kuchota. Maji yalikuwa matupu. Niliyaangalia kila upande. Mahali palipokuwa peupe asubuhi palikuwa bahari tu.

Mjukuu wangu akaachia ukingo, akanishika mkono.

Mkuu akapanda kwa nahodha, nasi tukamfuata. "Meli zinazokamata kila kitu mara ya kwanza," alimwambia mjukuu wangu njiani, "nami nimeziona. Ni siku bahari ilipokuwa shwari. Leo mzunguko wa kwanza sikuutazama sana. Nilitaka kuona Kobe akikosa anafanyaje." Kisha akamwambia nahodha, "Kesho nitasema ndiyo. Ila ule mkono wa kushoto utiwe bawaba mpya."

Nahodha akasema, "Utatiwa." Halafu akavua kofia tena akaitazama ndani, na safari hii nilielewa kwamba huko ndiko anakoficha uso wake.

Tulipokuwa tunarudi, Mkuu alishuka jikoni akaulizia vile viroba vya asubuhi, ambavyo mabaharia walikuwa wamevipakia pamoja na vifaa. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akala bisi zangu za mafuta, kiganja kwa kiganja. "Zinataka chumvi," akasema, na mpishi akamletea. Watu wote wakaja, kila mmoja akachota, vidole vikang'aa.

Gatini mpishi alinishusha vilevile alivyonipandisha, kinyumenyume, viwiko mikononi. Nilipokanyaga chini hakuniachia mara moja.

"Sasa tutakuwa tunajaribiwa kila mwaka, mama."

"Mungu asaidie iwe kujaribiwa tu."

"Lakini usingoje mwaka. Siku nyingi tunapakia kwenye gati lile la nyuma, asubuhi. Uliza Kobe, utaonyeshwa." Akaangalia viatu vyake, mtu mkubwa yule. "Uje tena, mama. Uje hata mikono mitupu."