Turubai Kabla ya Msiba

Watu wa Mikumi wataongea nawe habari yoyote unayoitaka. Watakusimulia tembo amevunja banda la nani, lori limepindukia kona gani, na mume wa nani alionekana akitoka gesti ipi. Lakini waambie, "Njooni tuongee kuhusu kufa," na ghafla kila mtu ana chungu jikoni kinaungua.

Mimi nilianzisha kikao hicho mwaka jana. Kila Alhamisi saa kumi jioni, kwenye kibanda changu cha chakula kando ya barabara kuu, madereva wa malori wakishamaliza kula. Sheria zilikuwa mbili tu: mtu aseme anataka afanyiwe nini siku akifa, na akishasema, niandike kwenye daftari na asibishiwe na yeyote. Sikuona kama nimeomba kitu kikubwa.

Alhamisi ya kwanza walikuja saba. Wanne walidhani nauza bima. Dereva mmoja, Obed, alisema yeye azikwe na usukani wake, watu wakacheka hadi chai ikapoa. Alhamisi ya pili jirani yangu Marciana alisimama afungue kwa sala, na sala ile haikuisha mpaka watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja macho yake yakiwa bado yamefumbwa. Marciana ni mtu mwema, ila ukimtajia kifo anakujibu kwa wimbo. Alhamisi ya tatu nilibaki na Yusrah, muuza vitenge wa jirani, ambaye aliniambia bila kupepesa kwamba sanda yake iko kabatini, droo ya chini, na mtu wa kumwosha ameshamchagua. Nikaandika. Kwa miezi mingi huo ndio ulikuwa ukurasa pekee wa maana kwenye daftari zima.

"Unatuchuria," wengine waliniambia. Uchuro, uchuro, uchuro. Nililisikia neno hilo mwaka ule kuliko nilivyosikia shikamoo, na nina watoto wengi wa kuniamkia.

Nilikuwa na sababu yangu. Kaka yangu Vitalis alifariki hapa Mikumi miaka mitatu iliyopita bila kuacha neno. Mkewe, Salome, alitaka azikwe hapa wanapokulia wanawe. Baba mdogo Simoni akaja kutoka Tukuyu na wazee wawili, akasema mtoto wa Kinyakyusa hazikwi ugenini kama mtu asiye na kwao. Siku nne maiti ilikaa mochwari wakivutana. Mwisho jeneza likapakiwa, gari likapanda mlima wa Kitonga, likaenda Tukuyu. Mpaka leo Salome hajapata nafasi ya kwenda kupalilia kaburi la mumewe. Na baba yangu, Mzee Lusekelo, ambaye kwa neno moja angemaliza ule ugomvi, alikaa kwenye kiti siku zote nne akitazama vidole vyake.

Sasa Baba mwenyewe alikuwa anaumwa. Moyo umetanuka, miguu inavimba, na daktari aliniita pembeni akaniambia nijiandae. Mama yetu, Anastazia, amelala kijijini Zombo, nyuma ya shamba walilolima baada ya Baba kuacha kazi ya kukata miwa kule Ruaha. Nilitaka Baba alale pembeni yake. Baba mdogo Simoni hasikilizi mwanamke wala hasomi karatasi. Anachokubali ni neno la mzee mwenyewe, limetoka kinywani mwake mbele ya mashahidi. Basi neno hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Zombo. Silabi mbili tu.

Nilimuuliza nikimpa dawa: "Baba, siku ukitangulia, tukulaze wapi?"

"Chai ya leo haina tangawizi," akajibu.

Nilimuuliza nikimkanda miguu. Akasema mvua za mwaka huu zitaozesha mahindi. Nikawa namleta kwenye kikao kila Alhamisi, namkalisha mbele. Alikunywa chai, akawasikiliza wengine kwa makini, akarudi nyumbani mdomo umefungwa. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini mimi niliona kifo hakimuumbui anayekwenda. Kinatuumbua sisi tunaobaki tukigombania jeneza.

Mwezi wa nne, masika yamekaza, paa la kibanda likaanza kuvuja. Nikaamua kikao kifanyike uani kwangu, Jumamosi asubuhi, ili na Baba asihangaike kutembea. Nikaazima turubai na viti vya kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Kosa lenyewe ndilo hilo, na ni la kijinga kiasi kwamba nikilikumbuka nataka kujipiga kofi.

Turubai lile ni la bluu, limeandikwa jina la kikundi kwa herufi nyeupe, na kwa miaka tisa halijafungwa kwenye harusi wala kipaimara. Linatoka stoo mtu akifa. Ijumaa mchana guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, likalileta mpaka mlangoni kwangu, kwenye nyumba ambayo mtaa mzima unajua ina mzee mgonjwa ndani. Wenye guta wakasimika nguzo, wakapanga viti, wakaondoka. Mimi nilikuwa kibandani nageuza chapati, simu yangu iko kwenye chaji dukani kwa Yusrah.

Hakuna aliyekuja kuniuliza. Huo ndio utu wetu: mfiwa haulizwi kama ni kweli. Kumuuliza ni kumtonesha kidonda. Unajifunga kanga, unabeba kuni na unga, unakwenda. Na ndugu wa mbali unawatumia ujumbe ili wawahi basi.

Nilipofika nyumbani jioni nikakuta wanawake ishirini wameketi kwenye mikeka, moto umewashwa kwenye mafiga, na Marciana anaongoza wimbo wa tatu. Akanirukia shingoni.

"Pole, mama, Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

"Ametwaa nini?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa huruma, akijua msiba unachanganya watu akili. Nikampita, nikaingia ndani. Baba alikuwa ameketi kitandani, redio ameizima ili asikie vizuri.

"Wanamlilia nani?" akauliza.

"Wewe, Baba."

Akatega sikio tena. "Wanaimba vizuri," akasema.

Niliwatawanya wote kwa maneno ambayo Marciana ilimchukua wiki mbili kunisamehe. Kisha nikakimbilia simu. Nilikuwa nimepigiwa mara thelathini na moja, zote kutoka Rungwe na Mbeya. Nikampigia Baba mdogo Simoni, hapatikani. Nikampigia mkewe. Akaniambia kwa sauti ya kilio kwamba mzee ameshapanda basi na wenzake wawili, na gari la kumbeba marehemu limeshaagizwa. Nilipomwambia hakuna marehemu, akasema, "Jikaze, mwanangu." Hakuniamini.

Asubuhi yake uani palijaa. Kwenye kikao changu walikuwa wakija saba, na chai ya bure juu. Kwenye msiba wa uongo walikuja themanini. Waliojua Baba yu hai walikuja kumwona aliyefufuka, na wasiojua walikuja na kuni. Nilikasirika nikashindwa hata kula. Mwaka mzima nawabembeleza watu waje wakiwa na midomo ya kuongea, na kumbe wanachohitaji ni turubai la bluu.

Saa tatu Baba mdogo Simoni akaingia. Alianza kulia tangu barabarani, kilio cha kiume cha kukata kata, koti jeusi, kofia mkononi, wazee wake wawili nyuma. Akapita katikati ya viti akielekea mlango wa nyumba, na hapo akamkuta kaka yake kwenye kiti cha mbele, blanketi magotini, anakunywa uji.

Kilio kikakatika. Lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba. Umekuja kunichukua?"

Baba mdogo akawageukia wazee wake. Akapewa kiti, akakaa, akaanza kujipangusa jasho. Yusrah akamletea chai. Nikaona hapa ndipo. Nisipolipata lile neno leo sitalipata tena. Mashahidi wapo, Tukuyu ipo, mzee yupo. Nikachukua daftari langu nikasimama mbele ya Baba.

"Baba, watu wote ni hawa. Baba mdogo huyu hapa, na gari lake liko njiani. Sema unataka kulala wapi, tusikie."

Baba akapuliza uji wake.

Basi nikaishiwa uvumilivu. Nilimwambia mbele ya watu themanini kwamba nimechoka. Kwamba alikaa kimya kwa Vitalis, na Salome analipia kimya chake mpaka leo. Kwamba nimemuosha miguu, nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa machozi, na yeye ananijibu tangawizi. "Unaogopa nini, Baba? Neno tu. Mtu mzima unashindwaje kusema neno?" Binti hasemi hivyo na baba yake, najua. Nilisema.

Baba akaweka kikombe chini, polepole.

"Tumwagile, mwanangu. Mama yako alipolazwa ile mara ya mwisho, nani alikuwa anamlisha?"

"Mimi, Baba."

"Kuna siku alisukuma kikombe cha uji. Akakushika mkono. Akasema, 'Nikifa, naomba…' Unakumbuka ulimjibu nini?"

Nilikuwa nakumbuka uji. Nakumbuka kikombe, kilikuwa cha kijani, mdomo umemeguka. Nakumbuka dirisha la wodi na kanga ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Maneno niliyoyasema sikuwa nimeyakumbuka kwa miaka sita, mpaka Baba aliponiuliza, na hapo yakaja yote, na sauti yangu mwenyewe ndani yake.

"Nilimwambia, 'Mama, acha uchuro. Kunywa uji,'" nikasema.

"Akanywa," Baba akasema. "Hakurudia tena. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nilifurahi umemnyamazisha. Niliogopa atasema kwao, Mbinga, nami sikuwa na namna ya kumfikisha. Labda angesema Mbinga. Labda Zombo. Labda alitaka kuombewa tu na katekista wake. Sijui. Nikamlaza Zombo bila kujua. Wewe kila ukiniuliza mimi nataka wapi, namsikia yeye anaanza kusema."

Marciana, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuimba.

Baba akamgeukia mdogo wake. "Simoni, na ninyi wazee wangu, sikieni sasa, nisije nikasemewa. Mnizike Zombo, pembeni ya mama yao. Najua si kwetu. Lakini kama tulimkosea yule mwanamke, siwezi kurudi nyumbani kwa baba yangu nikamwacha pale ugenini peke yake."

Baba mdogo Simoni alizungusha kofia yake mikononi. Alitaka kubisha, nilimwona. Akamtazama kaka yake, akatazama lile turubai, akatazama chini.

"Nimesikia, kaka," akasema. Na wale wazee wawili wakaitikia kwamba nao wamesikia.

Nilikuwa nimelipata neno langu. Zombo, mbele ya mashahidi themanini. Nikaketi na daftari magotini nikaandika jina la Baba, na mbele yake nikaandika mahali, na tarehe. Herufi zikatoka vibaya.

"La mama yako nalo uandike," Baba akasema.

"Niandike nini, Baba?"

"Alichosema."

Nikafungua ukurasa mwingine. Nikaandika: Anastazia. Nikaandika: Nikifa, naomba. Nikangoja kalamu iendelee, haikuwa na pa kwenda. Yusrah alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma, akaniwekea mkono begani.

Baba alifariki mwezi wa saba, akazikwa Zombo, na hakuna aliyebisha. Turubai lilikuwa lile lile. Kikao bado kinaendelea kila Alhamisi, na siku hizi wanakuja kumi na wawili, wakati mwingine kumi na watano. Daftari linajaa. Ukurasa wa Mama naupita kila nikitafuta mahali pa kuandika, na mistari iliyobaki pale chini ni mitupu mpaka leo.