Boliti Chini ya Pedali

Injini ya pili ilipokataliwa, muuza injini alivua kofia akaanza kujipepea. Alikuwa kaka wa mke wa Fundi, kwa hiyo alijilazimisha kuwa na subira ambayo mteja wa kawaida asingeionja.

"Shemeji," alisema, "mchagua jembe si mkulima. Ile ya petroli ya silinda nane umesema nzito."

"Nzito. Italalia springi za mbele, na giaboksi yetu ile itang'oka meno siku ya kwanza."

"Ile ya silinda sita?"

"Ndefu. Rejeta nitaiweka wapi, mapajani mwa dereva? Na sampu yake, bakuli la oili, itagongana na difu ya mbele."

"Haya. Na hii?"

Hii ilikuwa injini ya dizeli ya silinda nne yenye turbo, imetolewa kwenye pikapu iliyogongwa nyuma, imeoshwa na kukalishwa juu ya tairi kuukuu. Pampu yake ilikuwa ya zamani, chuma kitupu, isiyojua kompyuta wala kuogopa maji. Urefu ulifaa, uzito ulifaa. Fundi aliinama, akapitisha vidole ubavuni mwa bloku, akatafuta ufa kwa bidii ya mtu aliyepoteza pete, asiupate.

"Hii ina ufa," alisema.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Fundi alikuwa na uongo wake mdogo mdogo kama binadamu yeyote: aliweza kusema ameshiba wakati ana njaa, au kusifu nguo ambayo hakuiangalia. Lakini kuhusu chuma hakuwahi kudanganya. Akisema kimekaza, kimekaza. Mkewe alikuwa akipanda mlima kwa neno hilo tu.

Mkewe watu walimwita Komando, kuanzia mafundi mpaka mama mkwe wake. Ndiye aliyepeleka mapipa ya dizeli kwenye mnara wa simu juu kabisa ya mlima, kwa gari ambalo yeye na mumewe walilitengeneza wenyewe uani: chesisi ya gari moja, bodi ya gari lingine iliyokatwa paa, mabomba mazito yaliyochomelewa juu ya viti ili gari likipinduka lisimponde mtu, na matairi yanayomfika mtu kiunoni. Sura lilikosa, ila mlimani halikuwa na mwenzake. Njia ya huko ilikuwa na kipande kimoja ambacho madereva walikiita Kidevu, kwa jinsi kilivyojitokeza. Miezi michache nyuma, injini ya zamani ilizima katikati ya Kidevu. Injini ikizima, breki za gari lile huwa ngumu, mguu wa mtu hauziwezi. Gari lilirudi kinyumenyume, Komando akiwa ndani, mpaka mwamba ulipolipokea. Alivunjika mtulinga. Alirudi nyumbani mkono umefungwa kitambaa shingoni, akawasimulia majirani mkasa wote kwa vitendo, mkono mmoja, huku akicheka.

Fundi hakucheka. Yeye ndiye aliyekwenda kulivuta gari, akakuta kiatu cha mkewe kimebanwa kati ya pedali ya klachi na bodi iliyokunjika. Kiatu kilikuwa kitupu. Tangu siku hiyo alikiona kila alipofumba macho, ila machoni mwake hakikuwa kitupu. Aliogopa. Aliogopa akipiga mswaki, aliogopa akila, na aliogopa zaidi siku mkewe alipofunguliwa kitambaa, akazungusha bega, akasema sasa liko sawa, tutafute injini. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, alijiambia, na hakuona aibu kuwa mwoga. Aibu ilikuwa kwenye kusema. Mume wa Komando ataanzia wapi kumwambia mtu kwamba anaogopa? Ila gari lisilo na injini halipandi mlima, na injini isiyofaa haifungwi. Basi Fundi akawa hodari wa kuchagua.

Njia ya mwongo ni fupi. Komando alikwenda mwenyewe kwa kaka yake, akaimulika bloku kwa tochi kila upande, akarudi uani na grisi mpaka viwikoni.

"Ufa uko wapi, Fundi?"

Kazini alimwita Fundi. "Mume wangu" lilikuwa neno la ndani, na la siku anazotaka kitu.

"Labda ulikuwa mstari wa oili," alijibu, macho chini.

"Basi tukutafutie miwani." Akacheka, akampiga begani. "Kaka anaileta kesho."

Hakumshuku hata chembe, na hilo lilimchoma Fundi kuliko kama angetukanwa.

Injini ilikaa mahali pake kama iliyozaliwa humo. Fundi aliifunga vizuri, kwa kuwa mikono yake haikujua kufunga vibaya. Alichomea vishikio vipya kwenye chesisi, akasogeza rejeta mbele kidogo, akaunga mabomba, akakaza kila boliti kisha akairudia. Halafu, mkewe alipokwenda sokoni, alichomea kipande kidogo cha chuma kwenye sakafu ya gari, chini ya pedali ya mafuta, akapitisha humo boliti moja, kichwa juu, akaibana kwa nati. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, pedali inagonga kile kichwa kabla pampu haijafunguka yote. Akafunika na zulia la mpira. Alijiambia ni kwa muda, mpaka injini izoee. Alijiambia gari lisilo na mbio haliui mtu. Alijiambia mengi, mtu mwenye hofu hakosi sababu. Akalijaribu mwenyewe kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, na gari likapanda bila kulalamika. Roho ikamtulia, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu.

Siku ya majaribio alitoka nje na kikombe cha chai, akakuta mapipa matatu yamefungwa kamba nyuma ya gari.

"Si tulisema tunajaribu?" aliuliza.

"Jenereta la mnara linakaribia kukauka. Tutajaribu huku tunafanya kazi."

Aliweka kikombe chini. Kilima kile alikipanda na gari tupu. Mapipa hayakuwemo kwenye hesabu yake, utadhani hajui gari lile lilijengwa kubeba nini. Angeweza kusema hapo hapo, akainua zulia, akatoa boliti, akatukanwa kidogo, yakaisha. Hakuthubutu.

"Nakuja na wewe," alisema.

Komando aligeuka. Katika miaka yote ile mumewe hakuwahi kupanda mlima na gari hilo; kazi yake iliishia getini.

"Wewe?"

"Nataka niisikie injini."

"Mume wangu," alisema Komando, na safari hii hakuwa akitaka kitu chochote.

Njia ya chini ilikuwa laini, na Komando hakuacha kuisifu injini. Sikia inavyovuta, sikia ilivyo tulivu. Fundi alishika bomba la juu ya kiti kwa mikono yote miwili. Atasema wakifika kwenye kijito. Kijito kikapita. Atasema kwenye kona ya mawe mekundu. Kona ikapita. Kisha pua ya gari ikainuka, akaona mbingu mahali ambapo alikuwa akiona njia, na akajua wako kwenye Kidevu.

Mwanzoni gari lilipanda. Walipofika katikati, sauti ya injini ikaanza kushuka. Komando alikanyaga mafuta. Sauti ikazidi kushuka, nzito, ya kukatika pumzi, na mapipa nyuma yakavuta kamba zao.

"Mbona haivuti?" Alikanyaga tena. "Fundi, pedali imefika mwisho na haivuti."

Injini ilitikisika kama inayotaka kuzima. Komando akakandamiza klachi, akahamishia mguu wa kulia kwenye breki, na gari likasimama palepale, limening'inia, nusu mzigo na nusu mlima. Likateleza nyuma kidogo. Likashika.

"Usizime," alisema Fundi. "Tafadhali usizime, breki zitakufa."

"Najua zitakufa. Nilikuwepo." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Sasa Fundi aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: goti la mkewe lilikuwa linatetemeka.

"Kuna boliti," alisema.

"Boliti gani?"

"Chini ya pedali ya mafuta. Niliiweka mimi. Usiondoe mguu kwenye breki, naitoa."

Fundi alichomoa spana kutoka mfuko wa ovaroli, akajikunja, akaingiza kichwa chini ya usukani, katikati ya miguu ya mkewe. Kiatu kilikuwa mbele ya pua yake. Safari hii kilikuwa na mguu ndani, na mguu ulitetemeka juu ya breki, na mguu ule ndio uliokuwa umeshika roho zao wote wawili. Spana iliteleza kwenye nati, ikagonga chuma. Juu yake alimsikia Komando akivuta pumzi kwa meno. Akajaribu tena. Nati ililegea. Alizungusha boliti kwa vidole mpaka ikatoka, akaitia mfukoni, akajivuta juu huku machozi yakimtoka bila yeye kuyaruhusu.

"Kuna kingine?" aliuliza Komando. Alikuwa akitazama mbele.

"Hakuna."

Zamani neno hilo lingetosha.

"Shuka uweke mawe," alisema.

Fundi aliteremka, akasukumiza mawe makubwa nyuma ya magurudumu yote manne. Komando aliweka gia huru, akavuta breki ya mkono, akaiacha injini ikinguruma. Akashuka, akanyoosha mkono. Fundi alimpa spana. Komando akafungua boneti na kuanza kukagua, boliti moja baada ya nyingine, vishikio, mabomba, mkono wa pampu. Kisha akalala chali, akajisogeza chini ya gari.

"Usiingie humo," Fundi alimsihi. "Kila kitu kimekaza, naapa."

Kilichomjibu ni spana ikigonga chuma. Fundi alikimbilia nyuma ya gari, akaegemeza mgongo kwenye mapipa, akachimbia visigino kwenye kokoto na kusukuma. Alijua ni upuuzi. Gari likiteremka litawaponda wote wawili, na hilo tu ndilo lililompa nafuu kidogo. Alisukuma vivyo hivyo mpaka alipomsikia mkewe akitoka na kujipangusa.

"Utapanda au utatembea?"

Alipanda. Alifunga mkanda. Komando alikanyaga mafuta, safari hii mpaka sakafuni, na injini ikatoa sauti ambayo Fundi aliinyima tangu siku ya kwanza. Mawe yakabaki nyuma.

"Naogopa," alisema Fundi.

"Sikusikii."

"Naogopa," alisema kwa sauti kubwa. "Naogopa tangu siku ile. Kila siku."

Komando alizungusha usukani kukwepa jiwe, akaurudisha. Gari lilimaliza Kidevu, pua ikashuka, na njia ikaonekana tena, na juu yake mnara.

"Mimi huogopa kila nikipita hapa," alisema. "Nilikuwa napanda kwa sababu boliti umezikaza wewe."

Walifika mnarani, wakateremsha mapipa, wakamimina dizeli, wakashuka mlima taratibu. Gari lilipoingia uani Fundi alitoa ile boliti mfukoni, akaishika mkono mmoja, akanyoosha mwingine kuomba spana yake. Komando aliitazama boliti, akaingia ndani kunawa, na spana ikabaki mfukoni mwake yeye.