Ganesha Ndani ya Sanduku la Giza

Vaidehi alikuwa amesota miaka sita na kamera ile. Ikifika angani, kazi yake ni kuhesabu chembe za mwanga wa nyota za mbali, moja moja. Leo lakini haikutakiwa kuona kitu. Ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku lisilopitisha mwanga, na ikihesabu zaidi ya chembe hamsini kwa saa, basi roketi itaondoka bila yake.

Zilifika mia tisa kabla chai haijapoa.

"Kamera yako inaota ndoto za mchana, binti," alisema Dakta Nagabhushan, mwenyekiti wa wakaguzi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka tangu alipostaafu mara ya kwanza.

Vaidehi alisingizia nyaya, akasingizia joto, akasingizia umeme wa Bengaluru. Mwenzake Pramod alijifanya anafuta miwani. Kwenye skrini nukta zilizidi kudondoka, moja hapa, moja pale, mpaka zikaanza kujikusanya. Likatokea tumbo, tena tumbo la mtu asiyenyimwa kitu. Yakafuata masikio mapana, halafu mkonga.

Vaidehi akalitambua umbo lile. Jana ilikuwa Ayudha Puja, sikukuu ya Wahindu ya kubariki zana, na jiji zima lilivisha vyombo vya kazi maua, kuanzia mabasi hadi mashine za kusaga. Maabara yao hairuhusu maua. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya kufunga sanduku, alimweka Ganesha mdogo wa plastiki, mungu mwenye kichwa cha tembo, mbele ya lenzi, awaondolee vikwazo. Alimpangusa vizuri kwa spiriti. Kwamba ni wa aina ile inayong'aa gizani, hilo hakulijua.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimemweka mimi."

Sasa nani amtoe? Wakaguzi walitazamana. Pramod alidai hajaoga sawasawa, hafai kumgusa mungu. Mwishowe Dakta Nagabhushan akavua viatu, akafungua sanduku, akamchukua kwa mkono wa kulia.

"Utuwie radhi, mzee," alimwambia kwa upole. "Humu wanataka giza."

Walihesabu upya saa nzima. Zikapatikana chembe thelathini na moja.

Mwenyekiti alitia sahihi ripoti ya ukaguzi, akafikiri kidogo, kisha akaongeza mstari kwa kalamu yake. Vaidehi aliusoma akicheka na kulia kwa pamoja: *Jaribio la picha la mwezi ujao lifutwe. Kamera imeona mpaka ncha ya mkonga.*