Ghala la Ghorofa na Neno la Mtani

Mwaka ule Waingereza walipoachana na mashamba yao ya karanga kule Nachingwea, lile ghala la ghorofa la Newala lilibandikwa tangazo mlangoni: jengo la kale linauzwa, linafaa kugeuzwa nyumba ya kuishi. Lilijengwa kwa mawe enzi za Wajerumani. Chini waliweka mpira, juu nafaka, na baadaye likabaki na korosho na panya. Watu walisoma wakacheka. Nani alale ghalani?

Dada yangu Theodora hakucheka. Yeye alitazama paa. Lilikuwa la bati, pana, na mifereji yake ilishuka mpaka kwenye birika la saruji uani. Asiyeishi huku juu hawezi kujua maana yake. Hatuna mto wala kisima; maji yako bondeni, na mwanamke huteremka alfajiri akapanda na debe kichwani jua likimchoma. Theodora alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari wa misheni kule Masasi alimkataza kubeba mizigo, naye akaitikia kwa adabu, kisha akarudi bondeni kama kawaida. Angefanyaje? Hakujaliwa mtoto wa kumtuma, nami mdogo wake niliolewa Kitangari, nina bonde langu la kuteremka. Na mume? Kwetu mwanamume akijitwika debe, watu hujua anafanya mchezo.

Mumewe, Mwalimu Ambrosi, aliapa kulinunua ghala lile. Wakauza mikorosho yao ya Mnyambe. Siku ya kwenda kulitazama nilifuatana nao. Theodora alipanda ngazi polepole akishika ukuta, akafungua madirisha, akayapima kwa kanga yake aone mapazia yatakavyokaa. Hapa kitanda, pale cherehani. Tulipoteremka uani alifungua bomba la birika, akanawa uso, akafunga, akafungua tena. Nikamwambia aache kuchezea mali ya watu. Akanirushia maji.

Dalali alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, mgeni wa mambo ya kwetu. Alikubali kumngoja Ambrosi mpaka Jumamosi, aende Masasi kwa kaka yake kukamilisha fedha. Lori likaharibika njiani, Jumamosi ikafika bila yeye. Dalali akatoka barazani, akamwuliza mtu wa kwanza kumwona: yule mwalimu yuko wapi?

Mtu huyo alikuwa Nurdini, fundi baiskeli. Ukoo wake na ukoo wa Ambrosi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani wa kwetu hana simile: akimkuta kuku wako humchinja, akiulizwa habari zako husema umekufa. Nurdini alikwisha kumwua Ambrosi mara nyingi. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yule mwalimu? Tumemzika jana, bwana. Mjane wake namrithi mimi."

Waliokuwa karibu walikaza nyuso, maana kumharibia mtu utani wake ni utovu wa adabu. Dalali akavua kofia, akatoa rambirambi, na Nurdini akaipokea. Yeye na wenzake wakainywea kahawa, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Adhuhuri ile ile dalali alimwuzia ghala tajiri mmoja wa Lindi.

Ambrosi alirudi Jumapili, vumbi tupu. Dalali alipomwona alitetemeka, kisha akaona haya, kisha akasema hati zimekwisha kutiwa saini. Tajiri alifunga kufuli, akaenda zake. Masika yale birika lilifurika nyuma ya ukuta, nasi tukiyasikia maji tukipita njiani. Nilimchukia Nurdini, sifichi. Theodora hakumchukia. Aliniambia mtani hanuniwi, na kama kosa ni kutomwambia yule dalali ukweli, basi ni la wote waliokuwapo.

Kiangazi kilipofika, siku moja akipanda kutoka bondeni, aliketi juu ya jiwe apumzike. Wenzake walidhani anasali.

Msiba kwetu huendeshwa na watani. Wao huchimba kaburi, wao humwigiza marehemu, hata waliofiwa wakapata kupumua. Siku ile Nurdini hakuonekana. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anaogopa. Ambrosi alikuwa ameketi mkekani, macho chini.

"Mwiteni mtani wangu," alisema. "Nani mwingine atatuchekesha?"

Kabla hajaitwa alitokea kwenye njia ya bondeni, debe kichwani, ngata ya kanga chini yake. Alikuja polepole, mkono kiunoni, akisimama penye kila mti kuvuta pumzi, kama alivyozoea Theodora. Watu wakaangua kicheko. Wanawake wakasema ndiye, ndiye hasa, huyu mtani ana kipaji. Hata Ambrosi alicheka huku analia.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya njia, akanipita karibu. Hakuwa akimwigiza mtu. Debe lilikuwa limejaa hadi ukingoni, shingo inamtetemeka, maji na machozi yanamchuruzika pamoja. Nikanyoosha mikono, tukalitua.

Maji hayo ndiyo tuliyomwoshea dada yangu.