Folda ya Baba Mkwe

Kila Tursunai alipobofya, kisanduku cheupe kilitokea katikati ya kioo cha kompyuta na maneno yaleyale: mahali pa kuhifadhia hapapatikani. Chini yake palikuwa na herufi ya diski ya pili, alama ya mkwaju, kisha jina. Macho yake yalipofika kwenye jina yaliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi mlangoni, yakatua kwenye kitufe cha kufunga.

"Soma basi," alisema wifi yake, Nurzat. Simu ndogo ya Tursunai ilikuwa imelazwa mezani na kufunguliwa sauti. Nurzat alikuwa mji wa mbali wa Novosibirsk, kwenye karakana ya washonaji, na nyuma yake cherehani zilivuma bila kupumzika. "Inasema nini?"

"Inasema hapapatikani."

"Wapi?"

"Diski ya pili. Halafu mkwaju. Halafu pale."

"Pale wapi, wifi?"

"Pale pa Baba."

Nurzat akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshinda kazini. "Yaani hata kompyuta unaionea haya. Ningekuwa na mkaza mwana kama wewe, ningempanga kabatini na vikombe vya wageni."

"Mwache," alisema mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye godoro la sakafuni, akichambua sufu. "Mimi nimeishi na mwenye jina tangu nikiwa msichana, sijalitaja hata siku moja. Kwani nimepungukiwa nini?"

"Hujapungukiwa, Mama. Lakini jioni ikifika sauti zitafutwa, na mimi sina nyingine."

Mama akarudia sufu yake. Hakuna aliyezitaka sauti zile kumshinda yeye.

Zilikuwa sauti za mumewe. Kwa miaka mingi mzee yule alimtumia binti yake salamu kwa simu, na Nurzat hakuwahi kufuta hata moja. Kisha majira ya vuli mzee akaanguka zizini, na alipozinduka ulimi wake ulikuwa umekufa. Miezi michache baadaye simu ya Nurzat nayo ikafa. Fundi aliziokoa sauti, akaziweka kwenye mtandao mahali pa kuazima, akaonya kwamba hapo hazitakaa. Siku yenyewe ya mwisho ndiyo ilikuwa leo. Simu aliyoazima Nurzat haikuweza kubeba mzigo mkubwa. Kompyuta ya nyumbani, aliyoinunua mzee mwenyewe alipostaafu ualimu, iliweza, ila sasa imekataa kupokea kitu chochote.

"Tangu lini imekataa?" Nurzat aliuliza.

Tursunai alivuta ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Tangu nilipoifanyia usafi."

"Usafi gani?"

Alieleza polepole, akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba wifi yake anamwona. Diski ya kwanza ilikuwa imejaa, ndiyo maana mzee aliamua kila kinachoshushwa kiende kwenye diski ya pili, ndani ya folda aliyoipa jina lake mwenyewe. Jina lile lilikaa pale wazi. Binti wa Tursunai, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, alikuwa akiliwekea kidole na kuuliza, "Mama, hapa pameandikwa nini?" Na yeye hakuweza kumjibu. Mke halitaji jina la baba wa mumewe. Hulizunguka maisha yake yote. Basi mzee alipokuwa amelazwa, Tursunai alilifuta, akaandika pale *Baba*. Aliona ameweka heshima mahali pake.

"Ah," alisema Nurzat. Safari hii hakucheka. "Wifi, kompyuta haijui Baba ni nani. Inatafuta alichoambiwa na mzee. Kuna njia mbili. Uionyeshe mahali papya, au uirudishie folda jina lake."

"Nitaionyesha mahali papya."

Alijaribu. Nurzat alimwongoza: kitufe cha kulia, sifa, mahali, hamisha. Tursunai alichagua *Baba*, akakubali. Mashine ikafikiri, kisha ikakataa, ikisema haiwezi kuhamisha kitu kutoka mahali isipopaona. Alirudia. Ikakataa vilevile, bila hasira, kama karani aliyezoea kuombwa.

"Imebaki njia moja," Nurzat alisema. Mtu alimwita kwa ukali nyuma yake. "Nakuja!" akajibu, kisha akashusha sauti. "Msimamizi huyo. Wifi, ningekuwepo ningeliandika mimi, ni jina la baba yangu. Andika tu. Kuandika si kutaja."

Simu ikakatika.

Tursunai aliweka vidole juu ya vitufe, akaviondoa. Angempata mumewe, Mirlan, angemwita aje aandike. Lakini Mirlan alikuwa na kondoo malishoni kule juu, ambako simu haishiki. Nje theluji ilikuwa imefunika njia ya jirani.

Si kwamba hakuwahi kujiuliza kuhusu mwiko huo. Siku ile ya zizini alikuwa peke yake na mzee. Alipopiga simu kuita gari la wagonjwa, sauti ya upande wa pili iliuliza: mgonjwa anaitwa nani? Akasema, ni baba mkwe wangu. Jina lake, dada? Akasema, ni baba wa Mirlan, yule mwalimu wa hesabu. Dada, jina. Alitoka mbio akamkamata jirani, na jirani naye alikuwa mke wa ukoo uleule. Wakabaki wawili, simu mkononi, kila mmoja akimsogezea mwenzake, mpaka akapita msichana wa shule akalisema. Madaktari wa hospitali ya mjini Naryn hawakumlaumu mtu. Mirlan hakuuliza, na Mama alisema yaliyoandikwa yameandikwa. Lakini tangu hapo Tursunai, akimlisha mzee uji kwa kijiko, hushindwa kumtazama usoni.

Sasa, mbele ya kioo, likamjia jambo ambalo hakuwahi kulifikiri. Jina lile limetajwa lini mara ya mwisho? Mirlan humwita Baba. Mama humwita Wewe, au humkoholea. Wazee wenzake walikuja mwanzoni, wakamwita kwa jina, yeye akalia, wakaona wanamtesa, hawakurudi. Majira ya baridi yote hakuna kinywa kilicholisema. Na pale lilipokuwa limebaki limeandikwa, alilifuta yeye.

"Mama," alisema. "Nitaliandika."

Mama mkwe aliweka sufu chini, akajikunja kwa shida, akageuka mpaka uso wake ukaelekea kwenye mablanketi yaliyopangwa ukutani. Hakujua kusoma, lakini aligeuka.

"Andika," alisema kwa mablanketi. "Mimi siko hapa."

Tursunai aliandika herufi moja moja, polepole, kama mtu anayevua viatu penye mtoto aliyelala. Aliihakiki kila moja. Hakukosea, kumbe alikuwa akilijua vizuri kuliko jina lake mwenyewe. Akabonyeza. Kisha akarudi kwenye kiungo cha fundi, akabofya, na safari hii kisanduku cheupe hakikutokea. Mstari wa kijani ulianza kutambaa.

Sauti ziliingia nyingi. Alifungua iliyotangulia.

Mzee alizungumza kama alivyozungumza siku zote na simu, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Nurzat, mimi Kalmurza, baba yako. Ng'ombe mwekundu amezaa. Ndama ana baka jeupe usoni. Mama yako anasema umchagulie jina wewe, mimi nasema mwache aitwe Ndama, atazoea. Huko kuna baridi, vaa soksi mbili. Haya. Ni mimi Kalmurza."

Mama alikuwa amegeuka tena. Alishika mdomo wake kwa viganja vyote viwili, na mabega yake yalikuwa yakicheza.

Kisha chumba cha pili kikatoa sauti. Haikuwa neno, ilikuwa mkoromo wa kitu kizito kinachoburutwa. Tursunai aliinuka, akafunua pazia.

Mzee alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlangoni. Machozi yalikuwa yamepita njia ya makunyanzi mpaka kwenye mto.

"Nizime, Baba?"

Alitikisa kichwa kukataa.

"Nirudie?"

Akatikisa tena. Mkono wake ambao haukupooza ulikuwa umeshika ukingo wa blanketi. Hakutazama pazia, wala upande zilikotoka sauti. Alimtazama yeye mdomoni, akangoja, na mdomo wake mwenyewe ulijikunja ukitafuta umbo la kuanzia.

Huko nyuma Mama alikuwa anabofya hovyo, na sauti ya yule mtu wa zamani ikaanza upya kumwita binti yake. Tursunai aliachia pazia lianguke nyuma yake. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaondoa ncha ya kitambaa mdomoni, akainama mpaka akasikia pumzi ya mzee sikioni mwake, yenye harufu ya dawa na maziwa. Kisha akalitaja jina lake, kwa sauti ndogo.